Jinsi ya kupendekeza makala kwenye jarida la falsafa linalosomwa na watu wote, hatua kwa hatua

Pendekezo langu la kwanza kabisa lilikuwa na sentensi moja tu yenye kitu ndani: "Ningependa kuwaandikia makala kuhusu Kant na uhuru." Zilizobaki zilikuwa salamu na maelezo marefu ya kozi nilizosoma. Baada ya wiki kadhaa mhariri akanijibu mistari miwili, kwamba asante sana, ila hiyo ni mada, sio makala. Iliniuma, manake Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, nilikuwa nimemsoma miezi mingi nikitoka kazini usiku, lakini kadiri nilivyozidi kupeleka mapendekezo na kusoma ya wenzangu ndo nikaelewa yule mhariri alikuwa amenipa somo zima bure. Watu wenye vichwa vizuri sana wanapigwa chini kwa kosa hilohilo, na maswali mazuri yanafia kwenye imeili. Kwa hiyo hapa naweka kila kitu ninachojua, kuanzia kabla hujaandika neno la kwanza mpaka makala inatoka.

Hatua ya 1: Jua unapeleka wapi

Majarida ya falsafa yapo ya aina mbili na ukichanganya umepoteza muda wako na wa mhariri. Kuna ya kitaaluma, kule makala inapitiwa na wataalamu ambao mara nyingi hawajui nani kaandika, unasubiri miezi, na msomaji wako ni mwanafalsafa mwenzako. Alafu kuna haya tunayozungumzia hapa, ya kusomwa na mtu yeyote mwenye udadisi, awe dereva au hakimu. Philosophy Now lilianzishwa Uingereza na Rick Lewis mwaka 1991. The Philosophers' Magazine lilianzishwa na Julian Baggini na Jeremy Stangroom mwaka 1997. New Philosopher lilianza Australia mwaka 2013, Philosophie Magazine la Ufaransa mwaka 2006, na Aeon liko mtandaoni tangu 2012, likazaa mdogo wake Psyche mwaka 2020. Kila moja unaliandikia kwa lugha yake, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Usidhani tofauti ni urefu. Makala ya mwanafalsafa wa Marekani Edmund Gettier ya mwaka 1963 ina kurasa tatu tu na iliitikisa nadharia nzima ya maarifa, lakini ukimpa mtu ambaye hajasoma falsafa atakutana na herufi S imesimama badala ya mtu na P badala ya kauli, na ataiweka pembeni kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Tofauti iko kwenye nani anabebwa mkono. Jarida la kitaaluma linachukulia kwamba msomaji tayari anajua ugomvi ulianzia wapi na anataka kujua wewe umeongeza nini, wakati jarida la watu wote linachukulia kwamba msomaji hajui ugomvi ila ana akili kama yako au zaidi, na kinachomkosesha ni utangulizi tu. Ukiandika kama vile msomaji ni mjinga umekosea, ukiandika kama vile amesoma vitabu ulivyosoma wewe umekosea pia.

Sasa chukua makala tatu au nne za karibuni kutoka kwenye jarida unalolitaka, uzichape kama unaweza, ukae na kalamu. Weka alama pale ambapo mwandishi anasema kwa mara ya kwanza anachokidai. Hesabu wanafalsafa waliotajwa kwa jina. Angalia wa kwanza katajwa aya ya ngapi. Mimi nilipofanya hivo mara ya kwanza nilishangaa kukuta makala niliyoipenda kuliko zote ilikuwa imefika aya ya nne bila jina la mwanafalsafa yeyote, kulikuwa na mtu amekaa hospitalini anasubiri majibu, basi. Baada ya hapo tafuta kwenye kumbukumbu za jarida kama swali lako limeshaandikwa. Kama limeandikwa miaka mingi iliyopita hakuna shida, ila kama limetoka mwaka jana itabidi uoneshe wewe unaenda wapi ambako mwenzako hakufika.

Angalia pia kama jarida linatoa matoleo yenye mada maalumu. New Philosopher kila toleo lina mada moja, na Philosophy Now huwa lina kundi la makala zinazozunguka mada moja ndani ya toleo. Wakitangaza mada zinazokuja na wewe una kitu kinachoingia hapo, umeshapata nusu ya mlango.

Hatua ya 2: Soma masharti yao mpaka mwisho

Hatua fupi ila ndo inayoua wengi. Kuna majarida yanataka pendekezo kwanza, hawasomi makala nzima isiyoombwa, na kuna yanayotaka makala iliyokamilika na hawana habari na pendekezo. Kuna wanaopokea kwa fomu ya kwenye tovuti tu. Wengine wanasema wazi hawataki tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa, au hawapokei kitu kilichokwisha kutoka sehemu nyingine, hata kwenye ukurasa wako binafsi. Yote hayo wameyaandika. Soma na ufuate kama yalivyo, na kama wanataka makala nzima, bado fanya hatua zinazofuata, manake makala ambayo haiwezi kufupishwa kuwa pendekezo zuri mara nyingi ina tatizo ndani yake.

Siku hizi wengi wameweka pia sharti kuhusu maandishi yanayotoka kwenye programu za akili mnemba. Lisome hilo kwa makini na usilizunguke. Mhariri wa falsafa ananunua fikra zako, na kama hukufikiri mwenyewe huna cha kumuuzia.

Hatua ya 3: Toka kwenye mada, fika kwenye dai

Hapa ndo penyewe, na nitakaa hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mada ni "kifo". Mada ni "Kant na uhuru". Ukipeleka mada unamwambia mhariri akufikirie wewe makala itakuwaje, na yeye ana mapendekezo mengine mengi yanayosubiri. Kinachotakiwa ni swali ambalo mtu baki anaweza kulihisi, na jibu ambalo wewe uko tayari kulitetea na ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa. Kama hakuna wa kulikataa, hilo sio dai. "Kifo kinatufundisha kuthamini maisha", nani atabisha?

Ngoja nikuoneshe kwa mfano niliopitia mwenyewe. Nilianza na mada ya kifo kwa sababu mimi ni muuguzi na naishi nayo. Nikajaribu kuibana: nini hasa kuhusu kifo? Nikafika kwenye ahadi tunazowapa watu wanaokufa. Hapo bado ni mada, imepungua upana tu. Ndo nikakumbuka rafiki yangu mmoja, mama yake alimwomba azichome shajara zake bila kuzisoma, yeye akakubali, na mpaka leo ziko kwenye boksi chini ya kitanda, hajachoma wala hajafungua. Nikajiuliza: anamkosea nani? Mama hayupo. Hilo sasa ni swali, na mtu yeyote ukimweleza kwenye basi ataanza kubishana na wewe kabla hamjafika kituo kinachofuata.

Lakini swali bila jibu bado halijatosha. Nikasoma. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasema kifo si kitu kwetu, kwa sababu sisi tukiwepo chenyewe hakipo na kikiwepo sisi hatupo, kwa hiyo kwake mama hawezi kuumizwa. Aristotle, Mgiriki mwingine wa kale, alikuwa na wasiwasi zaidi, kwenye kitabu chake cha maadili anauliza kama yanayowapata watoto baada ya mtu kufa yanaweza kumgusa marehemu, na hakutaka kusema moja kwa moja kwamba hayamgusi kabisa. Mwanafalsafa wa Marekani Thomas Nagel mwaka 1970 aliandika kwamba mtu anaweza kupata hasara bila kuihisi, kama vile yule anayesengenywa na marafiki zake maisha yote na asijue. Mwanafalsafa mwingine, George Pitcher, mwaka 1984 akasema anayedhurika ni yule mtu aliyekuwa hai, sio maiti. Nilipofika hapo nilikuwa na ripoti nzuri ya nani alisema nini, na ripoti haichapishwi. Wengi wanasimama hapa wakidhani wamemaliza.

Kilichonitoa ni kitu nilichokiona wodini. Mgonjwa alikuwa amemwahidisha mwanae asiache chuo, alafu siku mbili kabla ya kufa akamshika mkono akamwambia "basi, nimekuachilia, fanya unachoona". Nilimwona yule kijana alivyoshusha mabega. Na nikaona: ahadi kati ya watu walio hai kila mara ina mtu mmoja mwenye uwezo wa kuifuta, yule aliyeahidiwa. Akifa, uwezo huo unaondoka naye. Kwa hiyo ahadi kwa marehemu hailegei kama tunavyodhani, inakaza, kwa sababu aliyekuwa na ufunguo ameondoka nao. Hilo ni dai. Mtu anaweza kulikataa. Na halijatoka kwa Nagel wala kwa Pitcher, limetoka pale kwenye kitanda namba nne.

Njia ya kujipima kama umefika ni kujaza sentensi hii kwa mdomo, mbele ya mtu ambaye hajasoma falsafa: "Watu wengi wanaona hivi, ila ukiangalia vizuri ni hivi, na sababu yake ni hii." Ukishindwa kuimaliza bila kusema "ni ngumu kueleza", rudi mezani. Akikuuliza swali la kubisha, umefika. Akikwambia "aah, sawa" na kubadilisha habari, bado.

Hatua ya 4: Tafuta mpinzani wako mkali kabla mhariri hajamtafuta

Mhariri wa falsafa akisoma dai lako, kichwani mwake anaanza kulibomoa hapohapo, ndo kazi yake. Kama pendekezo halioneshi kwamba umeshaona pingamizi kubwa zaidi, atadhani hujaliona. Na usichague pingamizi dhaifu ili ulishinde kirahisi, wanaligundua mara moja.

Kwangu mimi pingamizi lilikuwa hili: kama hakuna wa kusamehe ahadi, je, ina maana wafu watawatawala walio hai milele? Baba aliyekuahidisha usiolewe na fulani, je, ndo umefungwa mpaka kaburini? Lilinisumbua kweli, na nilibadilisha dai langu kwa sababu yake. Nikaongeza kwamba unaweza kujiachilia mwenyewe, ila kwa sharti kwamba uulize kwa uaminifu kama yeye angekuachilia, kwa sababu ambazo yeye mwenyewe angezikubali. Dai likawa dogo kidogo na gumu zaidi kubomoka. Pingamizi likikubadilisha mawazo hata kidogo, sema hivo kwenye makala, wasomaji wa falsafa wanapenda kumwona mtu anayefikiri mbele yao.

Hatua ya 5: Kwa nini msomaji alisome sasa

Falsafa haina habari motomoto, na majarida haya hayategemei tukio la jana. Bado mhariri atajiuliza kwa nini atoe hii na sio nyingine. Sababu inaweza kuwa ndogo: kwangu ilikuwa kwamba sasa hivi simu za marehemu zinabaki na meseji zao zote, na zipo programu zinazochukua meseji hizo na kuiga mtu aliyekufa, kwa hiyo lile boksi chini ya kitanda limekuwa la kila familia.

Kumbukumbu za miaka nazo zinasaidia kama ukiwahi. Kant alizaliwa Aprili 1724, na aliyependekeza makala ya miaka 300 mwezi uleule wa 2024 alikuwa amechelewa sana, manake matoleo ya kuchapwa yanapangwa miezi mingi kabla. Mwanafalsafa wa Uholanzi Spinoza alifariki Februari 1677, hesabu mwenyewe 2027 inatimia miaka mingapi. Ila kumbukumbu peke yake haitoshi, dai bado linatakiwa, na siku kama hizo ndo mhariri anapokea mapendekezo mengi yanayofanana.

Jihadhari pia na mifano iliyochoka. Kwenye swali la kuchoma maandishi ya marehemu, kila mtu anafikia kwa mwandishi Kafka, aliyefariki 1924 akiwa amemwachia rafiki yake Max Brod maagizo ya kuchoma maandishi yake, na Brod akayachapisha. Ni mfano mzuri, lakini mhariri ameshaukuta mara nyingi. Hali kadhalika ile treni inayokwenda kugonga watu watano, na swali ni kama uigeuze imgonge mmoja, ambayo imetoka kwa mwanafalsafa Philippa Foot mwaka 1967 na haijapumzika mpaka leo. Ukiwa na boksi lako mwenyewe, anza na boksi lako.

Hatua ya 6: Andika pendekezo lenyewe

Maneno 200 mpaka 300 yanatosha kama masharti yao hayasemi vingine. Kichwa cha imeili kiwe na neno "Pendekezo" na jina la makala, ili mtu akikitafuta baada ya wiki tatu akipate. Mtafute mhariri anayehusika kwenye ukurasa wa jarida na uandike jina lake sawasawa. Alafu ingia moja kwa moja, bila kuzunguka mbuyu. Hili ndo nililotuma, nimepunguza kidogo tu:

"PENDEKEZO: Ahadi isiyo na wa kuisamehe

Ndugu Mhariri,

Rafiki yangu ana boksi la shajara kumi na moja chini ya kitanda. Ni za mama yake, ambaye kabla ya kufariki alimwomba azichome bila kuzisoma. Alikubali. Miaka sita imepita, hajazichoma wala hajazifungua.

Ushauri wa haraka ni kwamba mama hawezi tena kuumia, kwa hiyo afanye anavyotaka, na Epicurus angeunga mkono. Wengine, kama Thomas Nagel, wangejibu kwamba mtu anaweza kupata hasara asiyoihisi. Nadhani pande zote zinabishania maumivu, wakati uzito uko kwenye msamaha. Aliyeahidiwa akiwa hai anaweza kusema 'basi, nimekuachilia'. Akifa, hakuna mwenye uwezo huo. Nitadai kwamba kwa sababu hiyo ahadi kwa marehemu inakaza badala ya kulegea.

Pingamizi kubwa ni kwamba basi wafu watatutawala milele. Nitalikabili kwa kuonesha kwamba tunaweza kujiachilia, ila kwa sharti gumu: tujiulize kama yeye angetuachilia kwa sababu ambazo angezikubali yeye, sio zinazotufaa sisi.

Swali hili sasa limeingia kwenye kila familia, kwa kuwa simu ya marehemu ni boksi la shajara lisilo na kifuniko.

Naona maneno 2,000, na naweza kuleta rasimu ndani ya wiki nne. Rafiki yangu ameridhia nisimulie bila kumtaja jina.

Mimi ni muuguzi, miaka tisa kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, ambako nimesikia ahadi nyingi za mwisho. Nilisoma falsafa chuoni na naendelea kuisoma. Makala yangu mbili za karibuni ziko kwenye viungo hapa chini."

Angalia vitu vichache. Boksi liko mstari wa kwanza. Wanafalsafa wako wawili tu ingawa nilisoma wanne, Aristotle na Pitcher walibaki nyumbani manake hapa hawakuwa na kazi ya kufanya. Dai limesemwa wazi, hakuna "nitachunguza" wala "nitagusia", maneno hayo mawili yafute kila ukiyaona, yanamwambia mhariri kwamba hujui utafika wapi. Mwisho wa hoja nimeutoa pia, sijauficha. Wengi wanaogopa kutoa jibu kwenye pendekezo wakidhani mhariri atakosa hamu au ataliiba, wakati mhariri hawezi kuagiza makala asiyoijua mwisho wake. Na sauti ya pendekezo ndo sauti ya makala, ukiandika pendekezo kwa lugha ya ofisini atadhani makala nayo itakuwa hivohivo.

Kuhusu wewe ni nani: sentensi mbili tatu zinatosha. Huhitaji kuwa profesa, majarida haya yanachapisha walimu wa sekondari, madaktari, wanafunzi, wastaafu. Spinoza mwenyewe alikula kwa kusugua lenzi. Taja kile tu kinachokupa haki ya kuliandika swali hili. Kama huna makala iliyowahi kutoka popote usiombe radhi kwa hilo, nyamaza tu, na uache aya zako ziongee. Wasifu wenye kurasa tatu usiuambatanishe kama hawajauomba.

Kabla hujabonyeza kutuma lisome kwa sauti, lote. Ukikosa pumzi katikati ya sentensi, ikate.

Hatua ya 7: Kusubiri

Tuma sehemu moja kwa wakati, isipokuwa kama wenyewe wameandika kwamba wanaruhusu kutuma sehemu kadhaa kwa mpigo. Masharti yao mara nyingi yanataja muda wa kujibu. Ukipita, tuma ujumbe mfupi wa kukumbushia kwenye uzi uleule wa imeili, mistari miwili, bila lawama. Wakikaa kimya tena, waandikie kwamba unalitoa pendekezo lako ulipeleke kwingine, alafu ulipeleke kweli. Mi natunza jedwali dogo: jina la makala, jarida, tarehe niliyotuma, tarehe ya kukumbushia, jibu. Bila hilo unaanza kuamka usiku kufungua imeili.

Hatua ya 8: Kulisoma jibu

"Hapana" tupu maana yake ni hapana kwa jarida hilo, basi. Usijibu kwa kubisha, shukuru au kaa kimya, badilisha mistari michache iendane na jarida lingine na utume ndani ya wiki hiyohiyo kabla hamu haijapoa.

"Hapana, ila tunakaribisha mengine" ni jibu zuri kuliko linavyosikika. Wahariri hawana muda wa kuandika hivo kwa kila mtu. Mletee lingine, na umkumbushe kwa sentensi moja.

"Tungependa kuiona rasimu" inachanganya watu. Hawajaagiza makala, wamekubali kuisoma tu, na wanaweza kuikataa ukishaandika yote. Kubali kama unaamini makala itapata nyumba kwingine wakiiacha.

"Tunaiagiza" ndo yenyewe. Hapo uliza kwa maandishi kabla hujaanza: urefu, tarehe ya mwisho, malipo na yanalipwa lini, kitatokea nini wakiifuta baada ya wewe kumaliza, na haki zipi unawapa. Kuna tofauti kubwa kati ya kuwapa haki ya kuchapisha kwanza, ambapo baadae unaweza kuiweka kwenye kitabu chako, na kuwapa haki zote moja kwa moja. Baadhi ya majarida ya falsafa hayalipi au yanalipa kidogo, na ni halali kukubali kwa sababu zako, ilimradi umejua mapema. Usione aibu kuuliza hela eti kwa sababu mnazungumza falsafa.

Hatua ya 9: Kuandika na kuhaririwa

Andika ulichoahidi. Ikitokea katikati dai limebadilika, na hutokea, mwandikie mhariri mapema umweleze, usimshtukize na makala nyingine.

Tanbihi zitaondolewa, kwa hiyo jina na mwaka viingie ndani ya sentensi kwa lugha ya kawaida. Neno la kitaalamu likiwa lazima, lieleze papo hapo kwa maneno saba au nane, ukihitaji aya nzima kulieleza basi tafuta njia ya kuliepuka.

Nukuu zihakiki kwa kufungua maandishi yenyewe. Falsafa imejaa nukuu zilizobandikwa kwa watu wasiozisema. Ile ya "sikubaliani na unachosema ila nitatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema", inayopewa mwanafalsafa wa Ufaransa Voltaire kila siku, iliandikwa na mwandishi Evelyn Beatrice Hall mwaka 1906 kueleza msimamo wa Voltaire, naye Voltaire alifariki 1778. Kosa kama hilo likiingia na jina lako juu, wasomaji wa majarida haya wataandika barua, na watakuwa sahihi.

Alafu inakuja siku mhariri anakurudishia makala imejaa rangi. Usijibu siku hiyo. Kesho yake pitia, kubali yote yanayohusu lugha na urefu hata kama yanauma, na ng'ang'ania pale tu ambapo mabadiliko yamegeuza hoja. Ukikataa badiliko toa sababu na ulete sentensi mbadala, kukataa peke yake kunamwachia yeye kazi yote.

Kwenye ile makala ya shajara, mhariri alibadilisha vitu vingi vidogo, na pembeni ya aya ya mwisho akaandika swali moja: "Sasa wewe ungemwambia rafiki yako afanye nini?" Nilikuwa nimemaliza maneno 2,000 bila kulijibu. Ilinichukua siku mbili. Nikampigia simu rafiki yangu, nikamsomea aya ya sharti, lile la kujiuliza kama mama angemwachilia kwa sababu zake mwenyewe. Akanyamaza muda, alafu akasema mama hakuwa anaogopa kusomwa, alikuwa anaogopa kusomwa na dada zake. Nikamwomba ruhusa ya kuiandika sentensi hiyo, akanipa, na makala ikaishia hapo.